Kabla ya Kufungua Injini

Kwenye gereji nyingi za hapa Tanga, fundi hulipwa kwa alichokifungua na alichokibadilisha. Akibadilisha plagi, analipwa. Akishusha injini, analipwa zaidi. Lakini akikaa asubuhi nzima na mita mkononi, mwisho akagundua kwamba kilichoharibika ni kiunganishi cha waya chenye ukubwa wa kidole gumba, mteja humwuliza, "Sasa fundi, hapo umefanya nini?" Nimeulizwa swali hilo mara nyingi, na ninaamini linaua injini nyingi kuliko vumbi na joto. Gari lililonipa jibu lake lilikuwa Mazda RX-8 la mashindano, lenye injini ya rota.

Lilikuja kutoka Dar es Salaam, limevuliwa kila kisichohitajika: viti vya nyuma, zulia, redio, kiyoyozi. Ndani palibaki viti viwili vya mashindano, mabomba ya chuma ya kumkinga dereva gari likibiringika, na mtungi wa kuzimia moto. Mwenyewe ni kijana aliyetaka kufanya mazoezi kwenye njia za mashamba ya mkonge, na gari alilihifadhi hapa Tanga, Raskazone, nyumbani kwa shangazi yake, hatua chache kutoka baharini. Lilikaa pale msimu mzima wa kusi. Ukiishi pwani hii unajua upepo ule unabeba nini: milango ya chuma inaliwa, baiskeli zinaliwa, misumari ya mabati inaliwa.

Magari ya mashindano si kitu kigeni kwetu. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ilikuwa inakatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, na Bert Shankland wa Dar es Salaam aliishinda mwaka 1966 na tena 1967 akiwa na Peugeot 404. Lakini 404 ilikuwa na pistoni, valvu na mambo mengine ambayo fundi wa kwetu angeyatambua hata usiku. Injini ya rota ni habari nyingine. Haina pistoni wala valvu. Ndani yake kuna rota, pande la chuma lenye pembe tatu, linalozunguka ndani ya chumba kilichobonyea kidogo katikati. Kila upande wa rota unavuta hewa na petroli, unabana, unalipuka na kutoa moshi kadiri unavyozunguka. RX-8 ina rota mbili, na ujazo wake wote ni sentimita za ujazo 1,308, chini ya Toyota nyingi za mjini. Kila rota ina plagi mbili, moja juu na moja chini.

Kinachozuia mgandamizo usivuje kutoka upande mmoja kwenda mwingine ni sili nyembamba zilizopachikwa kwenye ncha tatu za rota. Zinafanya kazi ambayo ringi zinafanya kwenye pistoni, na zinategemea utando wa oili ili zikae vizuri. Petroli ikizidi ndani, inauosha utando ule, mgandamizo unashuka, na injini haiwaki hata ikiwa nzima kabisa.

Malalamiko ya kijana yalikuwa haya. Asubuhi anapiga stata mpaka betri inachoka. Ikibahatika kuwaka, inatoa moshi na harufu kali ya petroli, kisha ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagiwa mafuta, inatetemeka, inapanda, inashuka, inazima. Ikishapata moto, kuwaka si tabu sana, ila sailensi inabaki mbovu. Barabarani akikanyaga mafuta gari linakwenda, ingawa linakunywa petroli kupita kiasi. Alikwishapita kwingine, akaambiwa sili zimekwisha na injini ifunguliwe. Walimpimia kompresheni, namba zikaja chini. Akaniambia, "Shikamoo fundi. Mimi nimekuja tu kuuliza utaifungua kwa shilingi ngapi."

Nilimjibu kwamba sijui kama inahitaji kufunguliwa. Sababu yangu ilikuwa katika maelezo yake mwenyewe. Injini ya rota ambayo sili zake zimechoka kwa kawaida husumbua zaidi ikiwa ya moto. Umetoka kuendesha, umezima dukani, unarudi, inakataa. Asubuhi oili ikiwa bado nzito inasaidia kuziba, hivyo huwaka. Hii yake ilikuwa kinyume: baridi inakataa, moto inakubali. Injini inayokataa ikiwa baridi nitaishuku kwanza kwa mafuta, moto wa plagi na nguvu ya stata, ndipo nifike kwenye sili.

Mambo haya sikuanza kuyajua kwenye magari. Nilikuzwa na mjomba wangu aliyekuwa akitengeneza injini za boti pale Sahare, zile za kufunga nyuma ya chombo, ambazo petroli yake huchanganywa na oili. Lita moja ya oili kwa lita hamsini za petroli ndiyo kanuni ya nyingi kati ya zile, na wavuvi wengi humimina kwa kukadiria. Mvuvi akija analalamika kwamba mashine imegoma, kazi ya kwanza ya mjomba ilikuwa kuchomoa plagi, kuitazama, kuinusa, kuifuta kwa kitambaa na kuitazama tena. Plagi iliyolowa alikuwa anaiweka juani na kumwambia mwenye chombo aache kuvuta kamba. "Unaivutia petroli nyingine," alikuwa anasema. "Iache ipumue." Mvuvi angekasirika, maji yanatoka, wenzake wanaondoka. Mjomba hakuharakishwa na mtu.

Injini ya rota inafanana na zile za boti kuliko inavyofanana na Corolla. Nayo inachoma oili kwa makusudi ili kulainisha sili. Kiwandani inawekewa pampu ndogo ya kuidondoshea, na wengi wa mashindano huiondoa pampu hiyo wakachanganya oili kwenye tangi, kama wavuvi. Na nayo ikijazwa petroli inagoma vilevile.

Kuna jambo la gereji zetu ambalo ni sumu kwa injini hii. Jioni magari huingizwa ndani ya ua, asubuhi hutolewa. Kijana wa gereji anawasha, anasogeza hatua chache, anazima. Toyota haijali. Rota ikiwashwa ikiwa baridi, kompyuta inaimwagia petroli nyingi ili isizime. Ukizima kabla haijapata joto, petroli ile inabaki imelala ndani, inaosha oili ukutani, na kesho yake unapiga stata ya bure. Tangu siku ile gari lilipofika niliamuru lisukumwe kwa mikono. Vijana walinung'unika, lakini walisukuma.

Tulianza kwa kulikausha. Tulichomoa plagi zote nne, tukazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa zilivyokuwa zimekaa, maana kila moja inaeleza habari za chumba chake. Zote zilikuwa nyeusi na zimelowa, za rota ya mbele na za rota ya nyuma sawasawa. Hilo peke yake liliniambia kitu: nozeli moja ingekuwa inavuja, rota moja ndiyo ingelowa. Hapa kosa lilikuwa mahali panapohudumia rota zote mbili. Tukakata umeme wa pampu ya mafuta, tukapiga stata plagi zikiwa nje, petroli ikatoka kama mvuke kupitia matundu. Kisha nikadondosha oili kidogo kila chumba ili sili zipate utando wake.

Wakati wa kupiga stata ndipo nilipoona tatizo la kwanza kwa macho. Injini ilikuwa inazunguka kivivu mno. Waliolifunga gari kwa mashindano waliihamishia betri nyuma kwenye buti ili uzito ukae vizuri, na waya wa ethi wakaufunga kwenye bodi, juu ya rangi. Niliweka mguu mmoja wa mita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini, kijana akapiga stata. Kama njia ya ethi ni safi, mita isome karibu na sifuri. Ikifika nusu volti tayari kuna shida. Ilisoma zaidi ya volti moja. Umeme uliokuwa uzungushe stata ulikuwa unaishia njiani. Nilifungua boliti, nikakwangua rangi na kutu mpaka chuma kikang'aa, nikaongeza waya mnene kutoka betri hadi kwenye injini yenyewe, nikapaka grisi juu yake kuzuia chumvi. Stata ikabadilika mlio.

Hapo ndipo kupima kompresheni kulikuwa na maana. Kitabu cha Mazda kinataka kila upande wa rota ubane kiasi cha kilopaskali 830, na usishuke chini ya 680, injini ikizungushwa mara 250 kwa dakika. Tofauti kati ya pande tatu za rota moja isizidi 150. Hicho kipimo cha mizunguko 250 watu hukiruka, na ndicho chenye uzito. Ukiipima rota kwa stata mchovu, hata injini mpya itatoa namba za injini iliyokufa. Namba alizopewa kijana kule alikotoka inawezekana zilikuwa za kweli, ila zilikuwa zinapima stata.

Kifaa maalumu cha kupimia rota sikuwa nacho, nacho ni adimu. Geji ya kawaida inakamata upande wenye nguvu kuliko yote na kuficha wenzake, kwa sababu ina valvu ndogo inayozuia mshale usirudi. Niliitoa valvu ile. Mshale sasa ukawa unaruka na kurudi, unaruka na kurudi, mara moja kwa kila upande. Nilimwambia kijana arekodi kwa simu, kisha tukaiangalia picha polepole. Miruko mitatu, sawa kwa urefu. Rota ya pili, miruko mitatu, sawa. Sili ya ncha ikiwa imevunjika, miruko ya pande mbili inazozitenganisha huanguka ukaiona waziwazi, na hata kwa sikio unasikia mpigo unaochechemea. Nikairudisha valvu nikasoma kiwango cha juu: rota zote zilikuwa juu ya 680 kwa nafasi. Si injini mpya, lakini si injini ya kufunguliwa. Nilimwonyesha ile video. Alikaa kimya kidogo, akapiga simu Dar kumwambia mtu asitume sili alizokwisha kuagiza.

Sasa petroli ya ziada ilikuwa inatoka wapi? Asubuhi iliyofuata nilifika kabla ya jua kuchomoza, na hapa nasisitiza kwa yeyote atakayekutana na tatizo la namna hii: injini inayogoma ikiwa baridi ipimwe ikiwa baridi. Ukiipima saa nne baada ya kuwashwawashwa, ushahidi umeshaondoka. Niliunganisha mashine ya kusomea kompyuta bila kuwasha, nikatazama joto la hewa inayoingia na joto la maji ya injini. Gari lililolala usiku kucha halina sababu ya kuwa na joto mbili. Hewa ilisoma nyuzi 22, sawa na ilivyokuwa nje. Maji yakasoma nyuzi kadhaa chini ya sifuri.

Kwa joto lile rejeta ya maji matupu ingekuwa barafu, hapa Tanga. Kompyuta haikuwa na namna ya kujua kwamba inadanganywa. Imetengenezwa kwa gari linaloweza kuuzwa Hokkaido au Kanada, na namba ile ni asubuhi ya kawaida kwao, kwa hiyo haikuwasha taa ya hitilafu. Ilifanya kazi yake kwa uaminifu: ikamwaga petroli ya majira ya baridi. Na hata injini ilipopata moto, iliendelea kuambiwa kuna baridi, ikaendelea kumwaga. Ndiyo maana sailensi ilikuwa mbovu muda wote na tangi lilikuwa linakauka. Dereva hakuweza kuona lolote, kwani geji ya joto iliyofungwa mbele yake ilikuwa ya mashindano, yenye sensa yake tofauti.

Sensa ya joto hufanya kazi kwa ukinzani: ikiwa baridi ukinzani uko juu, ikiwa moto unashuka. Kitu chochote kinachoongeza ukinzani njiani huifanya kompyuta iamini kuna baridi zaidi. Nikachomoa kiunganishi. Ndani, pini moja ilikuwa imevimba kutu ya kijani, ile inayoota kwenye shaba iliyoachwa karibu na bahari, na mpira wa kuzuia maji haukuwepo. Niliitoa sensa yenyewe, nikaipima ndani ya bakuli la maji ya kawaida, kisha kwenye maji ya birika. Namba zilishuka kama zinavyotakiwa. Sensa nzima. Nilibadilisha kiunganishi na sentimita chache za waya ulioliwa, nikaziba vizuri. Asubuhi iliyofuata maji na hewa vilisoma joto moja, na injini ikashika bila kubembelezwa.

Sailensi ilitengemaa, lakini haikutulia kabisa. Ilikuwa inapanda na kushuka taratibu. Kijana akaniambia nisijisumbue, maana aliambiwa injini ya rota ya mashindano ndivyo inavyonguruma. Hilo lina ukweli, ila si kwa injini hii. Rota nyingi za mashindano zimetobolewa matundu makubwa ili zivute hewa nyingi kwenye mwendo mkali, na tundu la kuingiza likiwa wazi wakati la kutoa moshi halijafungwa, moshi unarudi ndani na injini ikiwa sailensi inatapatapa. Ile ya Mazda 787B iliyoshinda Le Mans mwaka 1991 ilikuwa ya aina hiyo, na hakuna aliyeijengea sailensi. Lakini kwenye injini ya RX-8 Mazda waliyahamishia matundu ya moshi kwenye kuta za pembeni, wakaondoa ule mwingiliano. Ya kijana haikuwa imetobolewa zaidi. Ilipaswa kukaa chini na kutulia, na neno "mashindano" lilikuwa linatumika kufunika hitilafu.

Ilikuwa inavuta hewa mahali. Wengi hutafuta kwa kupulizia dawa ya kusafishia kabureta huku injini inanguruma, na mlio ukibadilika wanajua ni hapo. Kwenye rota siwezi kupendekeza. Eksozi yake inakuwa na joto la kutisha, na dawa ile inashika moto upesi kama petroli. Tulitumia moshi, injini ikiwa imezimwa. Tulichukua kopo, tukachoma makumbi ya nazi ndani, tukapitisha moshi kwenye kitambaa ili jivu libaki, tukausukuma kwa pampu ya baiskeli kuingia kwenye njia ya hewa tuliyokuwa tumeiziba mdomo. Tukasubiri. Moshi ukaanza kutoka polepole nyuma ya manifoldi, kwa chini, mahali ambapo mkono unafika lakini jicho halifiki. Pale palikuwa na kijibomba kilichobaki baada ya vifaa vya kusafisha moshi kuondolewa kwa ajili ya mashindano. Kilizibwa kwa kifuniko cha mpira, joto likakipasua. Tulikifunga kwa kizibo cha shaba cha kukaza kwa spana.

Sili za ncha zenyewe zina kisa cha kupima kabla ya kubadilisha, ambacho huwasimulia vijana wanaojifunza kwangu. Mazda walipochukua wazo la injini ya rota la Felix Wankel mwanzoni mwa miaka ya 1960, injini zao zilichubuka ndani kwa mistari iliyofuatana, wakaiita kucha za shetani. Wahandisi wa Mazda chini ya Kenichi Yamamoto wangeweza kuendelea kubadilisha kuta na sili mpaka fedha ziishe. Walichunguza mitetemo ya sili, wakaona kwamba chanzo cha michubuko ni sili kutetema, wakabadilisha umbo lake la ndani ili isitetemeke vile. Mwaka 1967 Cosmo Sport ikaingia sokoni.

Yule kijana alichukua gari akaenda nalo Lushoto, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, Julai iliyofuata, wakati ambapo asubuhi kule mtu anatafuta koti. Liliwaka. Alinipigia kunisikilizisha sailensi kwa simu, na ilikuwa imetulia.

Malipo ndiyo yaliyotuchukua muda. Vipuri nilivyonunua vilikuwa kiunganishi, waya, kizibo na grisi, vyote vikaingia kwenye mfuko mmoja wa rambo. Nilimwandikia bei ya vipuri hivyo mstari wa kwanza, na mstari wa pili nikaandika "kupima", na bei yake ilikuwa kubwa mara kadhaa kuliko ile ya juu. Akauliza swali lile lile. Nilimpa simu yake nikamwambia aangalie tena video ya mshale unavyoruka, kisha nikamwuliza aliambiwa kufungua injini ni shilingi ngapi, bila sili na gasketi. Alizihesabu noti mezani bila kuomba punguzo.

Tangu hapo kwenye gereji yangu kupima kuna bei yake, imeandikwa ukutani, na mteja anaijua kabla sijagusa spana. Hulipwa hata kama sikubadilisha kitu. Wako wanaosoma, wakageuza gari na kwenda kwa anayepima bure na kufungua kwa fedha. Siwazuii. Fedha za mstari ule ndizo zilizoninunulia geji ya pili na mita nzuri zaidi, na sasa vijana wawili wanaweza kupima magari mawili kwa wakati mmoja kabla hakujakucha sawasawa.